Nilivyofunga Minyororo Magari ya Watu

Jamaa zangu, leo nimevuliwa nguo barabarani.

(Tulieni. Nguo ninazo, tena tatu moja juu ya nyingine. Ninazungumzia heshima.)

Naandika haraka mimi mwenyewe kabla Deo hajawasimulia. Deo mnamjua, yule Mrundi wetu wa Fairfield, mtu wa kanisa. Hajui kusema uongo, na akianza kusema kweli hajui kuifupisha. Kwa hiyo ipokeeni kutoka kwangu mwenye aibu yangu, nikiwa nimejifunika mablanketi mawili kwenye chumba cha wafanyakazi huku milimani, magoti yamevimba kama maandazi.

Historia yangu mnaijua. Miaka kumi na minne kwenye lori, Tanga mpaka mpaka wa Kongo, na njia zote mbaya zilizo katikati. (Najua mnajua. Nimeisimulia kwenye kila harusi ya Merrylands, na kwenye misiba miwili.) Nilipofika Sydney nikaishia kupakia masanduku ya abiria uwanja wa ndege. Halafu korona ikaja, ndege zikaacha kuruka, na mimi na Deo tukarudishwa nyumbani siku moja, tukiwa na vizibao vyetu vya njano vyenye mistari inayong'aa.

Tangu siku hiyo nyumba yangu imesimama juu ya mgongo wa mke wangu. Mwanaisha anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Lidcombe. Wenzake wakiugua anaitwa yeye, wenzake wakiwekwa karantini anaitwa yeye. Vidole vimempasuka kwa vitakasa mikono. Juzi nilimkuta amelala kwenye kiti cha sebuleni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Nilisimama pale mlangoni. Mwanamume mzima, mikono miwili mizima, na kazi yangu ya siku ilikuwa kuanika nguo.

Kwa hiyo mama mmoja wa ofisi ya wakala wa kazi aliponipigia simu wiki hii nilisimama wima hata kabla hajamaliza kujitambulisha. Kuna hoteli kwenye milima ya theluji. Vijana wa Ulaya waliokuwa wakija kila msimu hawawezi kuingia, mipaka imefungwa. Wanataka dereva wa basi dogo la kuwapandisha wafanyakazi mlimani na kuwashusha. Wanataka pia mtu wa kuosha vyombo jikoni. Mimi nikaandikwa dereva, Deo akaandikwa vyombo. Ni kazi ya msimu, na wakikupenda wanakuita tena mwakani. Sharti moja tu: mfike leo saa sita kamili mchana mkajaribiwe. "Ukichelewa," akasema, "kuna wengine kwenye orodha."

Nikamwambia Mwanaisha, "Nikipata hii, utaacha zamu za Jumapili." Alinifungia chapati kumi na mbili kwenye foili, na hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Tumeondoka Merrylands saa kumi alfajiri kwa kigari changu kidogo cheupe. Njia nzima mimi naongea, Deo anasikiliza. Nikamweleza habari za milima, habari za gia, habari za breki. Deo mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha, miaka mitatu iliyopita, kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya kiwanda. Ni mwanafunzi mwoga. Akiona taa ya njano anafunga breki, anaangalia kulia, anaangalia kushoto, anaomba. Nikamwambia, "Deo, leo utaona dereva."

(Kumbukeni hilo neno.)

Kabla ya kupanda mlima kuna mji mdogo ambako lazima ukodi minyororo ya matairi. Ni sheria ya huku: gari la kawaida haliingii kwenye hifadhi ya milimani wakati wa baridi bila kubeba minyororo. Dada wa kituo cha mafuta, barakoa usoni na pazia la plastiki mbele yake, akaanza kutueleza namna ya kuifunga. Nikamkata kauli kwa heshima. "Dada, minyororo naijua."

Na ninaijua kweli! Hapa sikudanganya. Nani kati yenu amewahi kuvuka tope la njia ya Sumbawanga kwenda Mpanda wakati wa masika? Tope linalomeza lori mpaka milango? Kule bila minyororo hutoki, utaoa kijijini uanze maisha mapya. Nimefunga minyororo kwenye mvua, kwenye giza, nikiwa na malaria. Sasa binti wa kituo cha mafuta anifundishe?

Dada akatoa karatasi ya maelezo yenye michoro. Deo akaipokea kwa mikono miwili kama anayepokea cheti cha ubatizo.

Tukapanda. Saa nne na nusu hivi, theluji ikaanza kuanguka. Sikilizeni, ni nzuri. Sitaki kusema uongo, nilisahau habari za gia kwa muda. Mbele tukaona taa za njano zinawaka na kibao kikubwa: fungeni minyororo hapa. Pembeni ya barabara pana nafasi pana, na magari kama kumi yameegeshwa. Wengine wamekwama na minyororo yao mikononi wanaigeuzageuza, hawajui kichwa wala mkia. Wengine wamejifungia ndani ya magari vioo juu, wanasubiri sijui nini.

Nikashuka. Baridi ikaniuma masikio. Nikachukua kile kizibao changu cha njano cha uwanja wa ndege kwenye buti nikakivaa juu ya jaketi, maana dereva mwenye adabu hashuki barabarani bila kuonekana. Nikatandika gunia, nikapiga goti nyuma ya gari, nikaanza kazi.

"Mzee Shabani," Deo akasema.

"Naam."

"Hii papier inasema matairi ya mbele."

"Inasema hivyo kwa nani?"

"Inasema kwa gari inavuta na mbele. Hii gari yetu inavuta na mbele, vraiment, kweli kabisa. Mwenyewe ulinifundishaka."

"Deo. Lori linafungwa wapi?"

"Lori sijui, Mzee."

"Nyuma! Nguvu iko nyuma. Mbele ni kwa usukani tu. Karatasi haijawahi kuendesha gari hata siku moja."

Deo akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akatazama theluji. Anajua kumheshimu mkubwa, na leo heshima hiyo imetuponza wote wawili.

Dakika kumi, kazi kwisha. Nimefunga minyororo nyuma, imekaza vizuri, inapendeza. Nasimama kujipangusa magoti, nikasikia mtu anaita. "Mate! Over here, mate!" Ni kijana ndani ya gari jekundu, ameteremsha kioo upana wa kidole, amevaa barakoa. Akanionyesha buti la gari lake. Buti likafunguka lenyewe. Ndani mna minyororo.

Sasa ndugu zangu, mimi nilifikiri nini? Nilifikiri ameona ninavyojua, ameomba msaada. Kwetu ukimwona mwenzako amekwama barabarani, unapita? Lori la mwenzako likilala njiani, unalala naye. Dereva anayempita dereva aliyekwama hata kikombe cha chai hapewi. Nikasema, "No worries, mate," nikapiga goti.

Kumbe, na hili nimelijua baadaye mbele ya umati, pale mahali huwa pana fundi. Fundi rasmi, anayefunga watu minyororo kwa malipo. Naye huvaa kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa. Leo fundi alikuwa amechelewa, na wale waliojifungia ndani ya magari ndiye waliyekuwa wakimsubiri.

Nilipomaliza gari jekundu, kijana akataka kunilipa. Nikaweka mkono kifuani nikakataa. Alinitazama kwa mshangao, akaondoka. Nageuka, kumetokea bibi mmoja mwenye kofia ya sufu ya zambarau, ameshika minyororo kama aliyeshika nyoka. "Wewe ndiye unayefunga?" akaniuliza kwa Kizungu.

"Ndiyo, bibi," nikamjibu. Si nilikuwa nafunga kweli?

"Mungu akubariki. Mume wangu mgongo unamsumbua."

Na nyuma ya bibi wamesimama watu watatu.

"Mzee, tuna saa sita," Deo akaninong'oneza.

"Dakika tano tano tu, Deo. Utamwacha bibi kwenye baridi?"

Hapo Deo naye akaanza kazi. Kanisani kwao ndiye anayepima umbali kati ya viti, tangu korona ianze. Basi akawapanga wale watu, mita moja na nusu, mtu na mtu, akiwaonyesha kwa mikono mahali pa kusimama, na wale wazungu wakasimama hapohapo. Ukituona ungesema serikali imetutuma. Mimi chini, Deo juu, foleni imenyooka. Nakiri mbele yenu, nilisikia raha. Zaidi ya mwaka mzima hakuna mtu aliyenihitaji kwa kazi ya mikono yangu. Leo watu wanasimama kwenye theluji kunisubiri. Kila mmoja ananiambia ahsante. Mzee mmoja mwenye pikapu kuukuu akaniita "legend". Nikaimba kidogo.

Magari matano. Yote nyuma.

Mmoja tu aliuliza. Baba mwenye watoto wawili kwenye kiti cha nyuma, gari kubwa la kijivu. "Una hakika ni nyuma? Nilidhani ni mbele."

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kumwambia amuulize Deo, ana karatasi. Lakini mimi nilisimama, nikanyoosha mgongo, nikamwambia kwa Kizungu changu chote, "Bwana, miaka kumi na minne."

Akaitikia kwa kichwa. Mtu akitaja miaka kumi na minne huku amevaa kizibao, nani atabisha?

Saa tano na robo tukaondoka. Hoteli iko dakika ishirini na tano tu mbele. Nikamwambia Deo, "Unaona? Wema hauozi, na muda tunao." Tukaanza kupanda mwinuko wa kwanza. Nakanyaga mafuta, injini inalia, matairi ya mbele yanazunguka bure kama mashine ya kufulia. Gari haliendi. Linatetemeka tu. Nakata kona kulia, gari linasema hapana. Nakata kushoto, linasema hapana. Minyororo nyuma imeng'ang'ania barabara kwa uaminifu wote, lakini haina kazi, kwa sababu nguvu iko mbele na mbele hakuna kitu.

Polepole, kwa adabu, kigari changu kikateleza kikajilaza mshazari pembeni ya barabara, pua ikaingia kwenye lundo la theluji.

Deo akaugusa mfuko wenye karatasi.

Ningependa angesema tu, nilikuambia.

Nikashuka. Nikatembea hatua chache mpaka kwenye kona nione kama kuna msaada mbele. Jamani. Jamani! Nyuma ya kona ile yalikuwepo magari yangu. Gari jekundu limetazama lilikotoka. La bibi limepandisha tairi moja juu ya ukingo wa theluji. La kijivu la yule baba limeziba barabara kama lango. La nne limeegemea la kijivu, siyo kwa kugongana, kwa kupumzika tu. Lililokuwa limepita ni moja, pikapu ya yule mzee, kwa sababu pikapu inavuta kwa nyuma. Nilimwona juu kabisa anapotelea, ametoa mkono dirishani ananipungia kwa shukrani.

Na upande wa pili wa magari yaliyoziba, basi dogo jeupe linaloshuka, limesimama. Nyuma yake magari yanashuka, yamesimama. Nyuma yangu magari yanapanda, yamesimama. Nilikuwa nimeufunga mlima.

Nikarudi kinyumenyume. Nikaanza kuvua kizibao. Zipu ikakwama.

"Ndiye huyo!" Bibi mwenye kofia ya zambarau akanyoosha kidole, hata si kwa ubaya, kwa furaha ya kuona msaada umefika. "Huyo hapo, fundi wa minyororo!"

Watu wote wakageuka. Yule baba wa gari la kijivu akaja mwendo wa haraka, uso mwekundu, mita moja na nusu kaisahau. "Miaka kumi na minne?" akaniuliza. "Miaka kumi na minne?"

Nyuma yake akatokea mtu mwingine aliyekuwa amepanda kwa miguu kutoka kule chini, amevaa kizibao cha njano. Kizibao chake kimeandikwa mgongoni. Kinang'aa kuliko changu. Akanitazama kuanzia buti mpaka kofia, akauliza kwa sauti ya upole, na upole ule ndio ulioniua: "Samahani, rafiki, wewe umetumwa na nani?"

Jibuni nyinyi. Ningesema nimetumwa na nani? Na masika ya Mpanda?

Hapo mlango wa basi dogo ukafunguka. Akashuka mwanamke mfupi mwenye miwani, amevaa koti lenye nembo ya hoteli, simu mkononi. Akapita kati ya magari, anatazama minyororo ya kila moja, anatikisa kichwa. Akafika tulipo. "Ninashuka mjini kuchukua wafanyakazi," akasema, "ninaendesha mwenyewe kwa sababu sina dereva, na saa sita nina mtu wa kumjaribu. Nani kafanya haya?"

Akilini nilimwona Mwanaisha na kile kiatu mkononi. Nikamgeukia Deo nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Deo, tusijitambulishe. Tutafika hotelini baadaye, tutavua vizibao, hatatujua."

Yule mama akatazama picha kwenye simu yake, aliyotumiwa na wakala. Akanitazama. "Wewe siyo Shabani?"

Nikafumbua mdomo. Ndani ya mdomo mlikuwa na uongo tayari umeshapikwa, wa moto. Lakini Deo akanitangulia. "Yes," akasema. "Ni yeye. Na mimi ndiye Deo wa vyombo."

(Ndiyo maana nasema, usisafiri na mtu wa kanisa.)

Kisha nikafanya jambo moja tu la maana siku nzima ya leo. Nikasema kweli. Kwa Kizungu kile kile kibovu nikawaambia: mimi siyo fundi. Nilikuwa napakia masanduku uwanja wa ndege, kazi ikaisha. Nilizoea lori na tope. Nilidhani ninyi mmekwama, mkaniomba msaada, nikasimama. Nilikosea. Mwenzangu alisoma karatasi akaniambia mbele, nikamkatalia kwa sababu mimi ni mkubwa. Poleni sana. Nilipofika kwenye "pole", Kizungu hakina neno hilo, kwa hiyo nikalisema kwa Kiswahili mara tatu.

Hakuna aliyecheka. Yule baba wa gari la kijivu akashusha mabega. "Basi," akasema, "na tuyatoe haya magari."

Nikapiga goti tena. Safari hii Deo akatoa karatasi yake mfukoni, akaikunjua juu ya boneti, akawa anasoma kwa sauti hatua kwa hatua, na mimi nafanya. Mkubwa nimepiga goti, mdogo anaamuru. "Fungua ndoano ya ndani, Mzee. Attention, siyo hiyo, ile ingine. Sasa vuta. Sasa mbele." Yule fundi wa kweli angeweza kunifukuza, ila akachukua magari mawili yeye, akaniachia mengine mawili na langu. Akanionyesha namna ya kuukaza mnyororo baada ya kusogea kidogo. Kijana wa gari jekundu akashika koleo akachimba theluji. Bibi akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Nilitaka kulia. Nimekunywa ile chai isiyo na tangawizi, isiyo na sukari, isiyo na kitu, na ilikuwa chai nzuri.

Watoto wa yule baba walikuwa wamebandika nyuso kwenye kioo wakinitazama. Nikawapungia. Wakanipungia. Nilipofunga mbele kwa gari lao, mkubwa wao akafungua dirisha akauliza, "Are you sure?"

Nikamwambia, "Muulize yule pale."

Ilipofika saa saba kasoro, barabara ikawa wazi. Gari la kijivu likapanda kama mbuzi. Mama wa hoteli alikuwa ameligeuza basi lake kulitoa njiani, likatazama mlimani, akawa ameliegemea muda wote ule, anapiga simu na kutuangalia. Jina lake Wendy. Nikamwendea, nikavua kofia. Nikamwambia, "Mama, najua saa sita imepita. Ahsante kwa muda wako. Ila huyu mwenzangu hana kosa, mpe vyombo vyake."

Wendy akauliza, "Umefunga magari mangapi?"

"Matano. Mawili mara mbili. Na langu. Mawili mengine kayarudia fundi, na pikapu ni mara moja tu."

"Na hakuna aliyekulipa?"

"Hapana."

Akatazama kule juu ambako magari yalikuwa yakipotelea. Kisha akamgeukia Deo. "Wewe una leseni?"

Deo akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Nina hakika aliomba. "Nina," akasema. "Miaka mitatu. Sijapata kosa hata moja."

"Huwa unasoma karatasi kila mara?"

"Kila mara, mama."

Jamaa zangu. Yule mama akatoa ufunguo wa basi mfukoni akamkabidhi Deo. Palepale. Mbele yangu. Akapanda kiti cha abiria, akamwambia geuza twende mjini, taratibu. Na Deo, mwanafunzi wangu, Deo wa taa ya njano, akaligeuza lile basi kwenye theluji kwa hatua saba, pole pole, kama anayegeuza kitanda cha mgonjwa. Wendy alikuwa anaandika kwenye simu huku anaitikia kwa kichwa. Nilisimama pembeni na kizibao changu. Nilimwonea wivu, tena sana. Na nilijivunia, maana kule kugeuza taratibu nilimfundisha mimi. Sijui kama moyo mmoja unaruhusiwa kubeba vyote viwili.

Kabla hawajaondoka Wendy akateremsha kioo. "Shabani. Vyombo unaosha?"

"Nitaosha, mama."

"Na asubuhi, basi likipanda, nataka mtu wa kufunga minyororo. Mtu asiyeogopa baridi. Mbele au nyuma, Deo atakwambia."

Kwa hiyo ndugu zangu, habari ndiyo hiyo. Miaka kumi na minne ya lori, na leo nimeajiriwa utingo. Utingo wa Deo. Mchana masufuria.

Nimempigia Mwanaisha jioni hii, kabla hajaingia zamu. Nilijiandaa kumpa kisa chote kwa mpangilio mzuri, kile cha wema, kile cha foleni. Hakunipa nafasi. Akauliza, "Baba Rehema, umepata au hukupata?"

"Nimepata."

Nikasikia anavuta pumzi, halafu nikasikia amekaa chini mahali. "Alhamdulillahi," akasema. "Jumapili hii nitalala mpaka adhuhuri. Mtu asiniamshe."

"Lala, mke wangu."

"Ni ya udereva, si ndiyo?"

Nikatazama dari. Nikamtazama Deo kwenye kitanda cha pili, amelala chali anasoma kitabu cha maelekezo ya basi, ukurasa wa kwanza, kalamu mkononi.

"Ni ya usafirishaji," nikamwambia.

Basi, mwenye kutaka kucheka acheke kimya kimya, mwacheni utingo alale: dereva wangu amesema tunaondoka saa kumi na moja na nusu, na hataki mtu mchelewaji.